Barua Zenu: Anayebisha Hodi Birmingham Anataka Kura

Toleo lililopita niligusia uchaguzi wa madiwani wa Uingereza, nikasema kwamba miaka niliyokuwa nikiendesha basi la namba 11 mjini Birmingham, Jumamosi zangu nyingi zilipotelea kwenye kampeni za mtaa wa Sparkbrook. Nilidhani neno limekwisha, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Faza hadi Malindi, na moja imeletwa hapa Mkomani, Lamu, na mtoto aliyeagizwa asiondoke bila jibu. Nimempa maji ya ukwaju, nikamwambia mama yake asubiri gazeti kama wenzake. Basi naanza na yake.

*Assalamu alaykum, mzee wangu. Binti yangu yuko Uingereza kwa visa ya kazi, anatunza wazee. Amepata barua ya baraza la mji ikimtaka ajiandikishe kupiga kura. Jumamosi iliyofuata mtu aliyevaa ua la utepe kifuani akabisha hodi, akamtaja kwa jina lake kamili, akamuuliza atampigia nani. Sisi si raia wa kule. Usingizi sipati. Huu si mtego wa watu wa visa? – Mama wa Langoni, Lamu*

Wa alaykumu salaam, mama. Lala. Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, na kwa sheria ya kule raia wa nchi ya Jumuiya anayeishi Uingereza kwa kibali halali anajiandikisha na kupiga kura kama mwenyeji: ya diwani, na ya mbunge pia. Mtanzania na Mganda vilevile. Mfaransa, ambaye kwao ni maili ishirini na moja tu ukivuka bahari pale Dover, hana ruhusa ya kumchagua mbunge wa kule. Bintiyo wa Langoni anayo. Himaya ilivunjwa, mlango huu ukaachwa wazi, na mimi sioni haya kuupita.

Barua ya baraza ni ya kweli. Kila baraza hutunza daftari la wapiga kura wa eneo lake, na aliyetakiwa kujiandikisha akanyamaza anaweza kutozwa faini ya pauni 80. Kujiandikisha hakumwongezei siku za visa wala hakumpunguzii. Tena kuna faida ambayo wengi hawaambiwi: mtu akiomba mkopo, au simu ya kulipa kidogo kidogo, wakopeshaji hutazama kama jina lake limo kwenye daftari pale anaposema anaishi. Mgeni asiyeonekana humo hupata tabu.

Sasa yule mwenye ua. Ni mpiga kampeni wa chama tu. Hana cheo, hana mamlaka, na mara nyingi halipwi hata nauli. Mimi nimekuwa yeye miaka kadhaa, kwa hiyo nikueleze alikuwa akifanya nini pale mlangoni.

Vyama na wagombea hupewa nakala ya daftari kwa mujibu wa sheria. Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, mnakutana pembeni mwa barabara watu watano sita. Mmoja anashika ubao wenye orodha ya barabara ile, nyumba za shufwa upande mmoja na za witiri upande wa pili, maana ndivyo nyumba za kule zinavyopangwa. Mshika ubao hagongi mlango. Husimama njiani akiwatuma wengine: wewe nenda namba 14, mama na mwanawe, wewe 18, mzee peke yake. Unabisha, unarudi hatua mbili ili mtu asishtuke, unajitaja wewe na chama chako, unauliza kama kuna jambo la mtaani linalomkera. Ndipo unauliza swali lenyewe. Jibu unampelekea mwenye ubao, naye anatia herufi moja mbele ya jina: wetu, wao, hajaamua, hataki kusikia. Anaandika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa, na kule karatasi italowa tu.

Dakika mbili zinatosha kwa mlango mmoja. Anayekaa nusu saa akibishana na mfuasi wa chama kingine hajui kazi, na huwa amefurahi kupata wa kuzungumza naye.

Zile herufi hutumika siku yenyewe. Kura za kule hupigwa Alhamisi, tangu saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Nje ya kituo utawaona ajenti wa vyama, kila mmoja na ua lake: jekundu la Labour, buluu la Conservative, manjano la Liberal Democrats, kijani la Green, na siku hizi lile la rangi ya feruzi la Reform UK. Wanakuomba namba yako ya daftari, basi, na huna lazima kuitoa. Namba hizo hupelekwa kwenye sebule ya mwanachama mmoja aliyekubali igeuzwe ofisi. Waliokwisha kupiga kura wanafutwa, na wenye herufi ya "wetu" ambao hawajaonekana wanafuatwa nyumbani, hata kama wako mezani wanakula. Ian Mikardo wa Labour aliipanga kazi hii kwa ustadi alipogombea ubunge mji wa Reading mwaka 1945, na karatasi zake za nakala, zinazobandikwa mezani na kuchanwa kila orodha mpya inapotoka, zikaitwa kwa jina la mji ule miaka mingi. Leo wana simu. Kazi haijabadilika.

Kwa hiyo bintiyo ajue jambo moja: chama kinaweza kujua kama alipiga kura, kwa sababu baada ya uchaguzi kinaruhusiwa kupata daftari lililotiwa alama za waliofika. Alimpigia nani, hapana. Akiulizwa mlangoni anaweza kusema "hiyo ni siri yangu" na kufunga taratibu. Hatakuwa wa kwanza. Sparkbrook nilifungiwa na wanawake wa Kisomali, wa Kipakistani, na bibi mmoja wa Ireland ambaye kwanza alinipa biskuti.

Akienda kituoni achukue pasipoti yake ya Kenya. Tangu Mei 2023 huko England hupewi karatasi ya kura bila kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyoisha muda, maadamu sura bado ni yake. Kama yuko Scotland au Wales, kura ya madiwani haihitaji kitambulisho.

*Mzee, mimi ni bodaboda hapa Malindi. Kampeni kwetu ni msimu wa mavuno: lita mbili za mafuta, fulana na mia tano, mradi upige honi nyuma ya gari la mheshimiwa. Wewe umeandika kwamba kule mgombea hatoi kitu. Sasa watu humfuata kwa lipi? – Kijana wa Maweni, Malindi*

Hawamfuati, mwanangu. Yeye ndiye anayewafuata, kwa miguu, na mara nyingi hawamfungulii.

Mkutano wa uwanjani wenye jukwaa, spika na wacheza ngoma sikuuona hata mara moja kwenye udiwani. Sababu ya kwanza ni hesabu. Mgombea udiwani England ana kikomo cha matumizi: pauni 960, ukiongeza peni 8 kwa kila mpiga kura aliye kwenye daftari la wadi. Wadi ya wapiga kura 10,000 inampa pauni 1,760, yaani kama laki tatu za kwetu, na humo mmo uchapishaji, mafuta ya gari, kila kitu. Matokeo yakishatangazwa ana siku 35 za kupeleka hesabu na risiti, ashinde ashindwe. Kwetu sheria ya kuweka kikomo ipo tangu 2013, lakini 2017 na 2022 tulipiga kura bila kikomo chochote, nawe unajua fulana zilivyomwagwa.

Sababu ya pili ni jela. Kumpa mpiga kura pesa ni kosa, na kumlisha au kumnywesha ili akupe kura ni kosa jingine lenye jina lake. Mwaka 2015 kule Southampton mgombea ubunge wa chama cha UKIP aliitwa na polisi kwa sababu kwenye shughuli yake kulikuwa na vitafunio vya soseji vilivyofungwa kwenye unga. Hakushtakiwa, lakini nchi nzima ilikaa ikijadili vitafunio. (Vya nguruwe, kwa kawaida. Sisi tungekuwa salama bila sheria.)

Usije ukadhani ni watu wenye damu safi kuliko sisi. Babu zao walikuwa wakinunua kura mchana kweupe, kwa bia na kwa pauni. Mji wa Beverley, kule Yorkshire, ulikithiri hongo hata ukanyang'anywa kiti chake bungeni mwaka 1870. Kura ya siri wameipata 1872. Sheria kali ya kubana matumizi na kuwafunga wanunuzi ilikuja 1883, na ndiyo iliyokausha biashara ile, kwa sababu mgombea alianza kuogopa kwamba risiti zitasomwa na mtu. Sisi tunayo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, na humo anayepokea ana kosa sawa na anayetoa. Nakwambia wewe mwenye pikipiki, usije ukasema mzee hakukwambia.

Pesa ikiondolewa, kinachobaki ni karatasi. Matangazo ya kulipia kwenye televisheni na redio yamepigwa marufuku kwa vyama, kwa hiyo wote hurudi kwenye vipeperushi, na kila kipeperushi kiwe na jina na anwani ya aliyekichapisha na aliyekitoa. Unapita nyumba kwa nyumba ukisukuma karatasi kwenye tundu la barua mlangoni. Tundu lile lina kifuniko cha chuma chenye springi kali na brashi ngumu ndani, na nyuma ya brashi, mara nyingi, kuna mbwa aliyenyamaza akingoja vidole. Wazoefu hutembea na mwiko wa mbao, ule ule wa kupikia. Unakunja kipeperushi, unakilaza juu ya mwiko, unakisukuma hadi kifuniko kitoke nyuma yake, unavuta mwiko. Mwiko wangu ulikuwa na alama za meno upande mmoja. Mke wangu alikataa kuurudisha jikoni.

Na vipeperushi vyenyewe? Shimo la barabarani, pipa lisilochukuliwa, taa iliyozimika, mgombea amesimama kando ya shimo akilionyesha kidole kwa uso wa mtu aliyefiwa. Liberal Democrats ndio mafundi wa aina hii. Jarida lao la mtaani wanaliita Focus, na wana mchoro wao maarufu wa nguzo unaoonyesha chama fulani "hakiwezi kushinda hapa". Nguzo hizo ukizipima kwa rula utacheka. Chama cha tatu kwa tofauti ya kura chache kitachorewa nguzo ya kimo cha kisigino.

Lakini nikwambie na upande wa pili wa sarafu. Uchaguzi wa madiwani usio na pesa, usio na ngoma, usio na honi, mara nyingi huwatoa nyumbani karibu theluthi moja tu ya waliojiandikisha. Sisi 2022 tulijitokeza karibu theluthi mbili tukaambiana watu wamechoka na siasa. Nimesimama nje ya kituo cha Sparkbrook mvua ikininyea, nikahesabu dakika arobaini bila kuona mtu isipokuwa ajenti mwenzangu wa chama pinzani, tukagawana chai ya chupa yake.

*Marehemu babangu alikuwa diwani enzi za mabaraza, kabla ya 2013. Alikuwa akisema mfumo ule tuliachiwa na Waingereza. Je, diwani wa kwao leo ana nguvu kama mwakilishi wadi wetu? – Binti wa Faza*

Mungu amrehemu mzee. Alisema kweli, karani wa baraza, meya, kamati, hata majoho, vyote vilikuwa vya kuletwa. Sisi tumevunja na kuanza kaunti. Wao bado wanavyo, ingawa nao hawaachi kuvivunja na kuviunganisha upya, na sehemu moja ina mabaraza mawili au matatu juu ya kichwa kimoja, sehemu nyingine baraza moja tu.

Diwani wa kule hana mshahara; ana posho, na wengi wana kazi zao. Hospitali haimhusu, hiyo ni ya huduma ya afya ya taifa, wakati yetu ya King Fahd iko chini ya kaunti na mwakilishi wadi anaweza kuipigia kelele. Kinachomhusu ni taka, nyumba za baraza, vibali vya ujenzi, maktaba, barabara za mtaani, na kubwa kuliko yote kwa gharama ni kutunza wazee, walemavu na watoto wasio na wa kuwatunza. Yule binti wa Langoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya mshahara wake inapita kwenye mkono wa baraza.

Pesa ndiyo kamba shingoni. Kuna kodi ya baraza inayolipwa kwa nyumba, na nyumba za England bado zimepangwa madaraja kwa bei zilivyokuwa Aprili 1991. Wallahi, 1991. Nyumba iliyojengwa juzi inakadiriwa kana kwamba ilikuwepo siku ile. Baraza linalotunza wazee likitaka kupandisha kodi hiyo asilimia 5 au zaidi kwa mwaka linatakiwa kuwauliza wenyeji kwa kura ya maoni, au lipate ruhusa maalumu ya serikali. Birmingham yangu ilitangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake. Madai ya wafanyakazi wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi ya thamani sawa yalikuwa yamelimbikizana, na mfumo mpya wa kompyuta wa kuweka hesabu ukawagharimu mamilioni juu ya mamilioni. Serikali ikaleta makamishna wa kuwasimamia, na 2024 kodi ikapanda karibu asilimia 10.

Halafu Machi 2025 wazoa taka wakagoma moja kwa moja. Jirani yangu wa zamani alinitumia picha ya barabara tuliyokuwa tukiishi: mifuko myeusi imefika kwenye madirisha, na panya amekaa juu ya mmoja wao bila wasiwasi, akitazama kamera. Baraza likasema tani 17,000 zimekaa barabarani. Nikaionyesha picha ile barazani hapa Mkomani, mzee mmoja akasema, "Hao ndio waliotufundisha usafi?" Sikuwa na la kumjibu, nikaagiza kahawa.

*Umewasifu mno. Waingereza hawaibi kura? Na je, msikitini kampeni inaruhusiwa? – Ustadh, Shela*

Ustadh wangu, wanaiba. Karibu na kwangu kabisa. Uchaguzi wa Juni 2004 kata mbili za Birmingham, Aston na Bordesley Green, zilivurugwa kwa kura za posta. Karatasi zilijazwa na watu wasio wenyewe. Jaji Richard Mawrey alifuta matokeo ya kata zote mbili mwaka 2005, akasema ushahidi ule ungeiaibisha hata "jamhuri ya ndizi". Ndizi zimemkosea nini sijui, lakini ujumbe ulifika. Waliohusika walikuwa wa chama changu. Jumamosi zilizofuata ubao ulikuwa mzito mkononi: unabisha, mtu anafungua, anaangalia ua lako jekundu, anasema, "Mmekuja kunijazia na mimi?"

Kuhusu msikiti, jibu lina jaji huyo huyo. Mwaka 2014 Lutfur Rahman alichaguliwa meya wa Tower Hamlets, mashariki ya London. Wapiga kura wanne wakaenda mahakama ya uchaguzi, na Aprili 2015 Mawrey akaubatilisha ushindi wake kwa makosa kadhaa. Mojawapo lilikuwa la kutia watu hofu ya kidini: maimamu 101 walikuwa wametia saini barua katika gazeti la Kibengali, na jaji akaona imewafanya waumini wadhani ni wajibu wa dini kumpigia meya. Rahman alizuiwa kugombea miaka mitano. Hakufunguliwa kesi ya jinai, na Mei 2022 akarudi, akashinda tena.

Nina maoni yangu juu ya hukumu ile. Sheria iliyotumika ilitokana na karne ya kumi na tisa, wakati mapadri wa Ireland walipowatishia waumini kunyimwa sakramenti wakikosea kura. Barua ya gazetini inayosema "tunamuunga mkono fulani" mimi siioni sawa na kumwambia mtu atakwenda motoni. Lakini sheria iliposomwa ilisomwa hivyo, na imamu wa kule leo akitaka salama atawahimiza watu wajitokeze kupiga kura, aishie hapo. Jina la mgombea lisipite mimbarini.

*Nasikia mwaka 2024 madiwani wa kule walianguka kwa sababu ya Gaza. Diwani ana jeshi? – Msomaji, Malindi mjini*

Hana hata lori la taka la kwake. Ila hilo umelisikia sawa. Mei 2024, wadi ya Longsight, Manchester, naibu kiongozi wa baraza zima, mtu wa Labour, aliangushwa na mgombea wa chama cha George Galloway, mtetezi wa Gaza, na Oldham Labour ikapoteza wingi wake barazani. Wale waliopiga kura ile walijua vizuri kwamba baraza la mji halisimamishi vita. Walikuwa na fimbo moja tu mkononi na aliyekuwa karibu alikuwa diwani.

Nayaelewa kwa sababu nimeyafanya. Mimi ua jekundu nilivaa mpaka Tony Blair alipoingia Iraq mwaka 2003. Niliendelea kidogo kwa ajili ya rafiki yangu aliyekuwa mgombea, kisha nikalivua. Mei 2006 mtaa wetu ulimchagua Salma Yaqoob wa chama kipya cha Respect, cha waliopinga vita vile, na kura yangu ilikuwa humo. Kampeni ile ndiyo pekee niliyoona watu wakifungua mlango kabla hujabisha.

Mchezo huo unachezwa na kila upande. Mei 2025 Reform UK ilizoa viti 677 na kutwaa mabaraza kumi, Kent likiwemo, na hoja iliyowabeba ilikuwa wahamiaji. Baraza la Kent halitoi visa wala halizuii mashua za wahamiaji. Linajaza mashimo ya barabarani na kuwatunza wazee, na wengi wa wanaowatunza wazee hao wametoka mbali. Kiongozi wa London anapochukiwa, anayelipa ni diwani aliyesimama kando ya shimo lake. Nimewaona wema wakiondolewa hivyo, wa vyama vyote, watu waliojua jina la kila ajuza wa barabara yao. Sijui dawa yake, na sidhani sisi tunayo: hapa pia mwakilishi wadi huingia na kutoka kwa wimbi la mgombea urais.

*Mfalme Charles ni wa chama gani? – Mkulima, Witu*

Hana chama, na kwa desturi hapigi kura.

*Tumebishana barazani hadi adhuhuri. Kura za wagombea wawili zikilingana kabisa huko Uingereza, nani anashinda? – Wazee wa Mkomani*

Nyinyi mngeweza kuniita, niko nyumba ya tatu. Zikihesabiwa upya zikabaki sawa, msimamizi wa uchaguzi anapiga kura ya bahati pale pale. Sheria haimwambii kwa chombo gani. Mei 2017 kaunti ya Northumberland, wadi ya South Blyth, mgombea wa Conservative na wa Liberal Democrats walilingana, wakavutishwa vijiti. Wa Liberal Democrats akavuta kirefu. Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, kimoja tu pungufu ya wingi, kwa ajili ya kijiti. Na huyo msimamizi, mkitaka la kuwachelewesha hadi alasiri, ni mwajiriwa wa baraza lile lile linalopigiwa kura. Hawana tume ya kuendesha uchaguzi kama IEBC yetu. Kwetu mtu angelala mahakamani siku hiyo hiyo.

*Mwanangu ameishi Leicester miaka mingi, ana ukaazi wa kudumu lakini pasipoti bado ya Kenya. Anataka kugombea udiwani. Anaruhusiwa, na atahitaji shilingi ngapi za fomu? – Baba, Malindi*

Anaruhusiwa, ndugu yangu. Kupiga kura kibali chochote halali kinatosha. Kugombea, raia wa Jumuiya ya Madola anatakiwa awe na ukaazi wa kudumu, naye anao. Awe ametimiza miaka 18, na awe na uhusiano na eneo lile: jina kwenye daftari, au ameishi, amefanya kazi au amemiliki au kupanga mahali humo miezi 12 iliyotangulia. Asiwe mwajiriwa wa baraza hilo hilo. Fomu ya udiwani ni bure. Dhamana ya pauni 500 ni ya ubunge. Siku hizi England wanatosha wapiga kura wawili wa wadi kumtilia saini.

Anaweza kusimama peke yake bila chama. Akitaka tiketi ya chama, asingoje mwaka wa uchaguzi: vyama huhoji watu mapema, na wanachama wa wadi ndio wanaochagua jina. Swali la kwanza watakalomuuliza ni Jumamosi ngapi ameshika ubao. Aanze sasa kuwasindikiza wanaogombea wadi ya jirani, ajue mitaa. Yeye mwenyewe kama hayumo kwenye daftari, mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura, na kura ya posta siku 11. Viatu anunue vya mvua, na mwiko achukue wa mti mgumu. Ule wa mnazi huvunjika.